Kutunza wazee nyumbani: kazi yenye ndugu wengi wa Kongo wanafanya kule Marekani

Katika familia nyingi za Bukavu, Uvira, Goma ao Lubumbashi, kuko mutu mumoja mwenye anaishi Marekani. Ukiuliza anafanya kazi gani kule, jibu linakuwa fupi: "Iko ku lopitali", ao "Iko infirmière". Mara nyingi jibu hilo haliko la kweli kabisa. Huyo dada ao kaka yuko ndani ya nyumba ya muzee mumoja. Anamuogesha, anamulisha, anamugeuza kitandani, na usiku analala sikio moja wazi, kusudi asikie kama muzee anaita.

Ni kazi ya heshima, na ni kazi ya nguvu. Lakini hata kule Marekani ilichukua miaka mingi mbele sheria ikubali kwamba ni kazi kama zingine. Na hapa Kongo swali hilo limeanza kugonga mulango, juu wazee wanaongezeka kwenye nyumba zenye watoto wamekwenda mbali.

Ni nani anafanya kazi hii

Marekani kuko wasaidizi wa nyumbani karibu milioni 4. Wengi zaidi ni wanawake. Karibu mumoja kwa kila watatu alizaliwa inchi ingine: Jamaika, Haiti, Ufilipino, Meksiko, Ghana, na pia Kongo.

Wakongomani wengi walifika kule kupitia mupango wa kupokea wakimbizi. Mwaka wa 2016 Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya elfu 16 kutoka Kongo, na mwaka wa 2023 zaidi ya elfu 18. Katika miaka hiyo miwili, hakuna inchi ingine yenye ilitoa wakimbizi wengi kuliko Kongo. Wengi wao walikuwa wameishi miaka mingi katika kambi za Burundi, Tanzania, Uganda ao Rwanda.

Mutu wa namna hiyo akifika, diploma yake ya hapa haimusaidii sana. Mwalimu wa primaire, muuzaji wa vitenge, hata muuguzi wa kweli, wote wanaanza chini. Kazi ya kutunza wazee haiombi diploma kubwa, mafunzo yake ni mafupi, na fasi za kazi hazikosekane. Tena mutu mwenye alikomaa akimuona mama yake anamutunza koko ndani ya nyumba anajua tayari mambo mengi: kusema polepole, kungojea, kutomuonea haya muzee mwenye amejichafua.

Njo maana wengi wanaingia katika kazi hiyo, yenye Wakongomani wa kule wanaita "homu kea".

Kazi yenyewe ni nini

Watu wanachanganya kazi tatu zenye zinafanana. Ya kwanza ni musaidizi wa mahitaji ya mwili. Huyo anaogesha, anavalisha, anapika, anafua, anaenda ku soko na anamusindikiza muzee kwa munganga. Ya pili ni musaidizi wa afya nyumbani. Anafanya hayo yote, na anaweza pia kupima tansio na joto la mwili, chini ya uangalizi wa muuguzi. Ya tatu ni musaidizi wa muuguzi mwenye cheti. Huyo anapatikana zaidi katika lopitali na katika nyumba kubwa zenye wazee wengi wanaishi pamoja, lakini wengine wanafanya pia nyumbani.

Hakuna hata mumoja kati ya hao watatu mwenye ni muuguzi. Kuhusu dawa, kila jimbo liko na sheria yake. Fasi nyingi musaidizi anamukumbusha tu muzee saa ya dawa na anamuletea maji, lakini yeye mwenyewe hapime dawa na hapige sindano.

Kwa ile kazi ya pili, sheria ya taifa inaomba mafunzo ya saa 75 hivi, na 16 kati ya hizo zinapaswa kuwa za mazoezi ya mikono. Kisha, kila mwaka musaidizi anaongeza saa 12 za mafunzo. Sheria hiyo inahusu kampuni zenye zinalipwa na mupango wa taifa wenye unaitwa Medicare. Kwa ile kazi ya kwanza hakuna kipimo kimoja cha inchi yote. Jimbo moja linaomba mafunzo ya juma nzima, lingine linaomba kidogo sana.

Siku moja ya kazi

Asubuhi musaidizi anafika, anagusa telefone yake, na programu inaandika saa na fasi yenye iko. Hiyo imewekwa na sheria ya mwaka wa 2016, juu serikali ilitaka kuhakikisha kwamba kazi yenye inalipa imefanywa kweli. Akitoka anagusa tena. Akisahau, mushahara wake unaweza kuchelewa.

Kisha anaanza kuogesha. Maji anayapima kwanza kwa mukono wake mwenyewe, juu ngozi ya muzee inaungua haraka. Anafunika mwili kwa taulo na anafunua tu fasi yenye anasafisha, kusudi muzee asisikie baridi wala haya. Anaanza na uso, sehemu za siri zinakuja mwisho. Wakati huohuo anaangalia ngozi: kisigino, nyonga, na mwisho wa mugongo. Akiona fasi imekuwa nyekundu na haibadilike hata akifinya, anajua kidonda cha kulala kinataka kuanza, na anaita muuguzi. Muzee mwenye hawezi kujigeuza mwenyewe, kwa kawaida anageuzwa kila saa mbili.

Kulisha pia kuko na ufundi wake. Muzee anakaa wima, hapana kulala. Anapewa kijiko kidogo, musaidizi anangojea ameze, njo anatoa kingine. Akimaliza kula, anabaki wima nusu saa hivi. Chakula kikiingia njia ya pumzi kinaweza kuleta ugonjwa wa mapafu, na muzee dhaifu anaweza kufa nao.

Kazi yenye inavunja watu zaidi ni kuinua. Kumutoa muzee kitandani na kumukalisha ku kiti, mara tano ao sita kwa siku, inaharibu mugongo wa musaidizi. Mafunzo yanasema: kunja magoti, sogea karibu, mufunge muzee mukaba mupana kiunoni na ushike mukaba, usimuvute kwa mikono. Kwa mutu muzito kuko mashini ya kuinua. Lakini katika nyumba nyingi mashini hiyo haiko, na musaidizi yuko peke yake. Ku lopitali angeita mwenzake. Nyumbani hakuna wa kuita.

Kisha kuko mambo yenye hayaandikwe fasi yoyote. Muzee mwenye ugonjwa wa kusahau anauliza swali moja mara 20 kwa saa moja. Mwengine anamufukuza musaidizi akizani ni mwizi. Mwengine hapendi kuguswa na mutu mweusi, na anasema hivyo wazi. Na kuko wenye wanapendana kabisa na musaidizi wao. Siku moja muzee anakufa, familia inazika, na musaidizi anapokea ujumbe kwamba kesho ataenda anwani ingine.

Nani analipa, na ni ngapi

Marekani iko na mipango miwili mikubwa ya afya, yote ilianza mwaka wa 1965. Medicare ni ya wazee, lakini hailipe musaidizi wa kila siku kwa miaka na miaka. Inalipa kwa muda mufupi, kwa mufano kisha mutu kutoka lopitali. Mupango mwengine, Medicaid, ni wa watu wenye hawana feza nyingi, na njo huo unalipa sehemu kubwa ya kazi hii. Familia zenye uwezo zinalipa kutoka mufuko wao.

Kwa kawaida feza hazitoke kwa muzee kwenda moja kwa moja kwa musaidizi. Zinapita kwa kampuni. Kampuni inakata sehemu yake, na inamulipa musaidizi kwa saa. Mwaka wa 2023, mushahara wa kati katika kazi hii ulikuwa dola 16 hivi kwa saa, ni kusema karibu dola 33,500 kwa mwaka kwa mutu mwenye anafanya saa zote.

Kwa masikio ya mutu wa Kadutu ao Kavimvira, hiyo ni feza mingi sana. Lakini wasaidizi wengi hawapate saa zote. Anaweza kuwa na muzee wa asubuhi saa mbili, kisha mwengine mangaribi saa tatu, na katikati hakuna mushahara. Muzee akiingizwa lopitali, saa zinakatika siku hiyohiyo. Kutoka humo analipa nyumba, gari (juu fasi nyingi bila gari hakuna kazi), mafuta, bima, na chakula cha watoto. Kwa hiyo dola 100 zenye zinafika Bukavu kwa telefone si mabaki. Ni saa sita ao saba za kuinua mutu, mbele ya kodi ya serikali kukatwa.

Sheria ilichelewa

Mwaka wa 1938 Marekani iliandika sheria kubwa ya kazi: mushahara wa chini, na nyongeza kwa mutu mwenye anapitisha saa za juma. Leo nyongeza hiyo inaanza kisha saa 40, na kila saa yenye inazidi inalipwa mara moja na nusu. Lakini wafanyakazi wa ndani ya nyumba waliachwa inje. Wakati ule, sehemu kubwa yao walikuwa wanawake weusi.

Mwaka wa 1974 sheria iliwakubali wafanyakazi wa nyumbani, lakini ikaacha tundu moja. Ilisema kwamba mutu mwenye "anamufariji na kumukalia" muzee haingie ndani. Wazo lilikuwa la jirani mwenye anakuja kuketi na koko saa chache. Kampuni kubwa zikapita katika tundu hilo, na wanawake wenye walikuwa wanafanya saa 60 ao 70 kwa juma wakahesabiwa kama hao majirani.

Mumoja wao, Evelyn Coke, mwanamuke mwenye alizaliwa Jamaika na alikuwa akitunza wazee New York kwa miaka 20 hivi, alishitaki kampuni yake juu ya saa zenye hazikulipwa nyongeza. Kesi ilifika mahakama kuu ya inchi. Mwezi wa 6 mwaka wa 2007 waamuzi wote 9 walisema kwamba kampuni iko ndani ya sheria. Mama Coke alishindwa, na alikufa mwaka wa 2009.

Lakini kesi yake iliamusha watu. Mwaka wa 2013 wizara ya kazi ya Marekani iliandika kanuni mupya: msaidizi mwenye ameajiriwa na kampuni anapaswa kupata mushahara wa chini na nyongeza. Kampuni zilipinga mahakamani, na kanuni ikaanza kufanya kazi mwaka wa 2015. Kutoka 1938 mupaka 2015 ni miaka 77.

Na haijakwisha. Mwezi wa 7 mwaka wa 2025 wizara hiyohiyo ilitoa pendekezo la kufuta kanuni ya 2013 na kurudia mambo ya zamani. Kuko majimbo yenye yako na sheria yao wenyewe yenye inawalinda wasaidizi hata kanuni ya taifa ikianguka. Katika majimbo mengine, kanuni hiyo njo kinga yao kubwa.

Kuko pia nguvu ya kujiunga. Mwaka wa 1999, wasaidizi elfu 74 wa Los Angeles walipiga kura na kuingia sendika moja. Walikuwa watu wenye kila mumoja anafanya kazi peke yake, nyumba yake, bila kuonana. Kuwakusanya kulichukua zaidi ya miaka kumi.

Usiku ni wa nani?

Swali lenye linaleta kelele mingi ni la usiku. Muzee mwenye hawezi kubaki peke yake anaomba mutu saa 24. Sheria ya taifa inakubali muajiri akate mupaka saa 8 za usingizi, kama walipatana hivyo na kama musaidizi yuko na fasi nzuri ya kulala. Lakini anapaswa kupata angalau saa 5 za usingizi. Asipozipata, usiku wote unahesabiwa kazi.

Katika jimbo la New York, kazi ya saa 24 inaweza kulipwa kama saa 13: saa 8 zinatolewa juu ya kulala, na saa 3 juu ya kula. Mwaka wa 2019 mahakama ya juu ya jimbo hilo ilikubali hesabu hiyo, kama kweli mutu amelala na amekula. Wasaidizi wanauliza: kama muzee anageuzwa kila saa mbili, ni nani amelala saa tano mufululizo? Na ni nani atashuhudia, kama ndani ya nyumba kuko tu musaidizi na muzee mwenye anasahau?

Wakati New York ni saa tano ya usiku, Bukavu ni saa kumi na moja ao kumi na mbili asubuhi, kulingana na majira. Familia inaamuka, inapiga simu, na dada hapokee. Watu wanasema amejivuna. Anaweza kuwa ndio anaanza zamu.

Na hapa Kongo?

Hapa Kongo kutunza muzee ni jambo la familia. Katiba ya mwaka wa 2006 inasema hivyo wazi: kifungu cha 40 kinasema watoto wako na daraka la kusaidia wazazi wao, na kifungu cha 49 kinawapa wazee haki ya ulinzi wa pekee. Lakini katiba haiseme ni mutoto gani atachota maji. Kwa kweli ni binti mwenye hajaolewa, ao muke wa kijana, ao mujukuu mwenye anaachishwa masomo.

Sasa kuko njia ya tatu. Watoto wako Marekani, Kanada ao Ubelgiji, muzee amebaki peke yake, basi familia inatafuta mutu wa kulipa. Wanamuita "garde-malade", ao tu "mutoto wa kazi". Mara nyingi ni musichana wa kijijini. Anapanda mulima na bidoni ya maji kichwani, anapika kwa makala, anafua mashuka ya muzee kila siku kwa mukono, na usiku analala chini karibu na kitanda. Mashini ya kuinua hakuna, gliovu hakuna, mafunzo hakuna. Mushahara unatoka inje kwa telefone, na ukichelewa, yeye anaambiwa avumilie.

Sheria ya kazi ya Kongo, ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka wa 2002, haikuwatoa wafanyakazi wa nyumbani. Inaweka mupaka wa saa 45 kwa juma na saa 9 kwa siku. Inasema pia kwamba mukataba wenye haukuandikwa unahesabiwa kuwa mukataba usio na mwisho, mupaka muajiri aonyeshe kwamba haiko vile. Ni kusema, kutoandika hakumuondolee muajiri daraka lake. Wakaguzi wa kazi, ni kusema inspection du travail, njo wenye wanapokea malalamiko.

Mambo ya kupatana mbele ya kuanza

Familia yenye inataka kumuajiri mutu wa kumutunza muzee ipatane naye mambo haya, na iandike hata kwenye ukurasa mumoja wa kaye, kila upande ubaki na kopi:

– Kazi gani: muzee tu, ao muzee pamoja na kupika na kufua kwa nyumba nzima?
– Saa ngapi kwa siku, na siku gani ya juma ni yake ya kupumuzika.
– Usiku: ni nani anaamuka? Kama ni yeye kila usiku, atalala wakati gani muchana?
– Mushahara ni ngapi, unalipwa tarehe gani, na ni nani mwenye analipa kama feza za inje zimechelewa.
– Gliovu, sabuni, na mashuka ya kubadilisha: ni nani ananunua?
– Muzee akianguka ao akishindwa kupumua, anapigia nani simu kwanza, na feza za munganga ziko wapi?
– Muzee akikufa, mufanyakazi analipwa mupaka wakati gani?

Na mambo mawili ya mikono yenye hayaombi feza: kumugeuza muzee kila saa mbili, na kumulisha akiwa amekaa wima.

Mara nyingi mambo yanaungana hivi: dada yuko Marekani anamutunza mama wa wengine, na sehemu ya mushahara wake inakuja kumulipa musichana mwenye anamutunza mama yake hapa. Dada huyo anajua vizuri maswali ya kuuliza muajiri wake: saa ngapi, usiku ni wa nani, nyongeza iko wapi. Musichana wa hapa naye yuko na maswali hayohayo. Tofauti ni kwamba muajiri wake ni yule dada.